Kabla ya Kushika Mwiko

Katika miradi mingi ya akiolojia, mwanafunzi wa shahada ya kwanza huitwa wakati maamuzi mazito yamekwisha kupita. Swali la utafiti limeshaandikwa. Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na leseni ya Idara ya Mambo ya Kale vimeshatoka. Mahali pa kuchimba pameshapigiwa vijiti na kuzungushiwa kamba, na mtu fulani ameshaamua chekeche iwe na matundu ya ukubwa gani. Mwanafunzi hukabidhiwa mwiko, ndoo na fomu, kisha akaonyeshwa pembe yake ya shimo. Wiki chache baadaye anarudi chuoni akijua kunyoosha ukuta wa shimo, kulinganisha rangi ya udongo na kitabu cha Munsell, na kutambua kigae kati ya mawe. Si ujuzi wa kudharau. Ila ukimwuliza kwa nini shimo lilichimbwa pale na si karibu na ule mnazi, mara nyingi atakujibu kwamba mwalimu ndiye aliyesema.

Hapo ndipo penye kasoro. Kuchagua swali, kuchagua mahali, kuamua kiasi cha kuchimba na kiasi cha kuacha: hizo ndizo kazi zinazomtofautisha mwanaakiolojia na mtu yeyote mwenye jembe. Lewis Binford alilisema hilo kwa ukali mwaka 1964, katika makala yake kuhusu mpango wa utafiti iliyotoka kwenye jarida la American Antiquity. Aliwataka wenzake wachague sampuli kwa utaratibu unaoweza kuelezwa na kukosolewa, waache kufuata jicho na mazoea. Miaka sitini imepita, na katika vyuo vingi mwanafunzi bado hufundishwa kuchimba kwanza. Kuuliza kunasubiri shahada ya uzamili. Naona mpangilio huo umekaa kinyume, na pwani yetu ina ushahidi wa kutosha wa hasara inayopatikana pale swali linapobaki mikononi mwa wachache.

Chukua Kilwa Kisiwani. Neville Chittick alianza kuchimba pale mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 akatoa juzuu mbili nene ambazo mpaka leo hakuna anayeandika juu ya Kilwa bila kuzifungua. Ilikuwa kazi kubwa na ya makini kwa kiwango cha wakati wake. Lakini maswali yaliyoiongoza yalihusu majengo na biashara: msikiti mkuu ulijengwa na kupanuliwa lini, jumba la Husuni Kubwa ni la sultani yupi, vyombo vya China na vya Uajemi vilifika karne ipi. Maswali ya namna hiyo humpeleka mchimbaji moja kwa moja kwenye kuta za mawe. James Kirkman alikuwa ametangulia kufanya vivyo hivyo Gedi, karibu na Malindi, kuanzia mwaka 1948. Watu walioishi katika nyumba za miti na udongo, ambao kwa idadi ndio waliokuwa wengi, hawakuonekana. Na kwa kuwa hawakuonekana, mji wa Waswahili ukabaki katika vitabu kuwa mji wa majumba ya mawe na wafanyabiashara waliotoka ng'ambo.

Hakuna aliyeficha ushahidi. Ulikuwamo ardhini muda wote ukisubiri mtu wa kuutafuta. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, aliteremka chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa akakuta mfululizo wa misikiti iliyotangulia, ile ya mwanzo ikiwa midogo na ya miti. Mwaka 1999 Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette waliandika wazi kwamba akiolojia ya Waswahili imewaacha nje walio wengi kwa sababu haikujishughulisha na nyumba za udongo. Huko Pemba wakawatafuta kwa kutembea mashambani na kuchimba vishimo vidogo mbali na magofu. Kisha Songo Mnara, jirani wa Kilwa, Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walianzisha mwaka 2009 mradi uliotilia mkazo maeneo ya wazi katikati ya mji, yaani zile sehemu ambazo mgeni hupita haraka kwa kuwa hazina cha kupiga picha. Walipima ardhi kwa vyombo vya kijiofizikia kabla ya kuchimba, wakachukua sampuli za udongo ili kutazama kemikali na masalia madogo ya mimea, wakachimba nyumba za udongo kama walivyochimba za mawe. Songo Mnara na Kilwa zimo pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wageni wamezijua kwa kuta zao. Mradi huo ulikwenda kuuliza habari za mahali pasipo na kuta.

Sasa mfikirie kijana wa mwaka wa pili katika mradi wa namna hiyo, ambaye kazi yake ni kupepeta tu. Siku nzima chekeche yake inabakiza mabonge ya udongo mkavu yenye alama za fito. Kama hajashiriki kulijenga swali, ataona ni takataka zinazomchelewesha kupata shanga au sarafu. Kumbe mabonge yale, yaliyokuwa ukuta wa nyumba ya mtu, ndiyo mradi mzima ulivuka maji kuyafuata.

Laetoli inatupa mfano wa pili, na huu ningependa kila idara iufundishe. Nyayo za watangulizi wa binadamu zilizopatikana Laetoli mwaka 1978 katika msafara wa Mary Leakey zilikuwa maarufu dunia nzima. Mwaka 2016 Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Tanzania na Italia, walitangaza nyayo nyingine zilizoko mita 150 hivi kutoka zile za 1978, za umri uleule wa takriban miaka milioni 3.66. Watu hupenda kusimulia ugunduzi kama bahati ya mtu mwenye nyota. Huu ulitokana na kazi ya tathmini. Kulikuwa na pendekezo la kujenga makumbusho mahali pale, kwa hiyo ardhi ililazimika kukaguliwa kabla ya mtu kumwaga zege. Timu iligawa eneo kwa gridi, ikapanga mashimo 62 ya mita 2 kwa 2 kwa njia ya nasibu, na nyayo zikatokea katika mashimo machache kati ya hayo.

Mwalimu anaweza kulifanya jambo hili zoezi la darasani. Awape wanafunzi ramani tupu ya bonde, awaambie wana uwezo wa kuchimba mashimo 62 na si zaidi, kila mmoja apange ya kwake na aandike sababu. Kuna watakaoyakusanya yote karibu na nyayo za 1978, kuna watakaoyatawanya kwa umbali sawa, kuna watakaofuata korongo ambako mmomonyoko umekwisha kufanya nusu ya kazi. Halafu walinganishe na kilichotokea, na wajadili ni mpango gani ungekosa nyayo na kwa nini. Zoezi hili halihitaji hata lita moja ya dizeli. Linamfundisha mwanafunzi kwamba sampuli ni dau lenye hesabu, na kwamba eneo lisilochimbwa nalo lina kitu linachosema kuhusu yule aliyepanga.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili, na haisimuliwi vya kutosha. Programu ya akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1985, Peter Schmidt akiwa miongoni mwa walioiasisi. Muda mfupi baadaye yakaanza mafunzo ya uwandani. LaViolette, William Fawcett na Schmidt walitoa taarifa ya mafunzo ya 1987 na 1988 katika jarida la Nyame Akuma mwaka 1989, na kichwa cha taarifa hiyo kilitaja pwani na bara kwa pamoja. Kuviweka viwili hivyo katika sentensi moja ulikuwa uamuzi wa kitaaluma. Kwa miongo kadhaa, kuchunguza historia ya pwani kulikuwa ni kwenda kwenye magofu yanayotazama bahari. Kuwachukua wanafunzi wakatembee nyuma ya pwani, kwenye mashamba na vichaka visivyo na gofu hata moja, ni kuuliza swali tofauti kabisa: je, watu wa miji hii walitoka upande ule?

Jibu lilikuja kwa njia nyingi na kwa mikono ya wengi, wala sitaki kulibebesha yote mafunzo ya misimu miwili. Lakini ni vigumu kutoona uzi unaopita. Felix Chami, aliyekuja kuwa mwanaakiolojia wa Kitanzania anayejulikana zaidi katika uwanja huu, aliandika tasnifu yake ya uzamili mwaka 1988 juu ya Zama za Chuma katika Kisarawe, kwenye ukanda uleule wa nyuma ya pwani. Akachimba Limbo, mahali palipoyeyushwa chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1994, katika tasnifu yake ya udaktari huko Uppsala, alijenga hoja kwamba vigae vyenye michoro ya pembetatu, ambavyo Horton na wengine huviita vya Tana, vinaunganisha miji ya mwanzo ya pwani na wakulima na wafua chuma wa bara. Wapo wanaobishana naye juu ya tarehe na majina. Ila mjadala wenyewe usingekuwapo kama kila mtu angeendelea kuchimba misikiti.

Ndiyo maana nasema idadi ya wanafunzi waliopelekwa uwandani haitoshi kupima thamani ya mafunzo. Kuna kambi nyingi zinazotoa wanafunzi wenye mikono hodari ambao hawajapata hata mara moja kuliona swali likizaliwa.

Kuna sababu nyingine ya kumwingiza mwanafunzi mapema, na hii ni ya kwetu zaidi. Mwaka 1969 Schmidt mwenyewe, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alifika Buhaya na kukaa na wazee wakimsimulia. Huko Katuruka wazee walimweleza habari za mti wa Kaiija na mfalme Rugomora Mahe, simulizi zilizohusisha mahali pale na ufuaji wa chuma. Alichimba kwa kufuata maneno yao, na chini akakuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ambayo vipimo vya kaboni viliyarudisha nyuma hadi milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Tarehe hizo zimejadiliwa sana tangu wakati huo. Katikati ya miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele yake, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Kwa hiyo ramani ya uchimbaji ilianzia kwenye kumbukumbu za wazee waliokaa barazani. Hiyo nayo ni mbinu ya utafiti, yenye masharti yake: unaandika nani alisema nini, unalinganisha masimulizi ya koo mbalimbali, unajiuliza nani ana faida katika toleo lipi.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyezaliwa Muleba, Masasi au Mbulu huja na mtaji huo tayari. Anajua lugha, anajua namna ya kumwamkia babu wa watu kabla ya kumwuliza habari za kaburi, anajua msitu upi hauingiwi na kwa nini. Mtafiti kutoka nje humchukua miaka kuyapata hayo, na hata mwalimu wa chuoni aliyekulia mkoa mwingine hujikuta mgeni. Lakini katika mradi ambao swali limefungwa Ulaya au Marekani, mtaji huu hutumika kwa jambo moja tu, yaani kutafsiri. "Mwulize mzee kama ameona vigae shambani kwake." Kijana anauliza, mzee anajibu kwa dakika kumi, kijana anarudi na neno "ndiyo". Zile dakika kumi ndizo zingeweza kuubadilisha mradi, na aliyezisikia hana nafasi kwenye meza ya mipango. Nimewahi kulishuhudia hili, na wala halikuwa kosa la kijana.

Hoja hii ina wapinzani wenye akili, na mapingamizi yao yana uzito. La kwanza ni kwamba uchimbaji ni uharibifu usiorudishika. Udongo ukishatolewa, taarifa iliyopotea imepotea. Kweli. Angalia pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi. Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013. Mwaka 2017, shimo lilipofunuliwa, mifupa ilikuwa laini kiasi cha kuvunjika kwa kuguswa. Timu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wake ililifunika bonge zima kwa plasta, ikalipeleka Nairobi na hatimaye Burgos, Hispania, ambako lilifunuliwa polepole maabara. Mwaka 2021 dunia ikajulishwa kwamba ni kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu ambaye angempa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwiko mahali kama pale.

Lakini tazama uamuzi wenyewe: kusimamisha kazi, kukataa kuendelea pale pale, kusafirisha bonge badala ya mifupa. Huo ni uamuzi wa mpango wa utafiti, na mwanafunzi anaweza kushiriki kuujadili bila kugusa chochote. Pingamizi hili linazuia mikono, halizuii kichwa. Kwa kweli linaunga mkono hoja yangu, maana aliyefundishwa kuchimba bila kufundishwa kusita ndiye hatari kuliko wote.

Pingamizi la pili linahusu ubora wa takwimu, nalo ni gumu zaidi. Wanafunzi kumi wakitembea shambani kwa mistari iliyoachana mita kumi, yule mwenye jicho kali ataokota vigae mara tatu ya mwenzake aliyekesha akicheza karata. Ramani itakayotoka itaonyesha msongamano wa makazi upande wa mashariki, kumbe ni msongamano wa umakini. Katika kuchambua vigae ni vivyo hivyo: huyu anaona mdomo wa chungu, yule anaona bega. Miradi mingi hulitatua tatizo hili kwa kulinyamazia, kazi ya wanafunzi ikichanganywa na ya wazoefu bila alama yoyote.

Njia iliyo bora ni kulifanya tatizo lenyewe kuwa sehemu ya utafiti. Kila mstari uandikwe jina la aliyeutembea, saa, na hali ya majani. Mistari michache irudiwe na mtu mwingine bila kujua mwenzake alipata nini. Mfuko mmoja wa vigae uchambuliwe na watu wawili kila mmoja peke yake, kisha tofauti ihesabiwe na kuchapishwa. Kuna jambo linalochekesha hapa: wazoefu wakifanyiwa jaribio hilo hilo, nao hutofautiana, na si kidogo. Kwa hiyo uwepo wa wanafunzi huulazimisha mradi kuwa mkweli kuhusu udhaifu ambao ungekuwapo hata bila wao.

Chekeche nayo inastahili kutajwa. Tundu la milimita 5 huokoa muda, nalo hupitisha mifupa ya samaki wadogo na shanga nyingi za kioo. Katika kijiji cha kale cha wavuvi, uamuzi huo mmoja unaweza kumgeuza mvuvi kuwa mfugaji, kwa kuwa mifupa ya mbuzi inabaki na ya dagaa inapita. Mpe mwanafunzi udongo wa ndoo moja aupitishe kwenye chekeche mbili, ahesabu kilichobaki katika kila moja na muda uliotumika, kisha yeye ndiye apendekeze msimu mzima utumie ipi. Hapo atakuwa amefanya utafiti, mdogo lakini kamili: ana swali, ana jaribio, ana gharama, ana pendekezo linaloweza kukataliwa.

Tukija kwenye fedha, mazungumzo haya hupoteza utamu. Darasa lina wanafunzi wengi, gari ni moja, na msimu wa kiangazi ni mfupi. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi hupata mkopo, wala si kila anayeupata hupata fungu hilo lote, na anayesubiri bumu lichelewalo hawezi kununua hata viatu vya kuchimbia. Upande wa pili kuna kambi za kimataifa ambazo huendeshwa kwa ada za wanafunzi wa nje. Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, ina moja ya shule za uwandani za muda mrefu zaidi katika kanda yetu, ikishirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na vyuo vya Marekani, na imewalea watafiti wa mataifa mengi, Wakenya wakiwamo. Mtindo huo umeleta mema. Hata hivyo, kambi yoyote ambayo baadhi hulipa maelfu ya dola na wengine huingia kwa ufadhili ina hatari ya kuzaa matabaka: aliyelipa anatarajia kufundishwa na kupewa mradi wake, aliyefadhiliwa anatarajiwa kushukuru na kubeba vifaa. Mkuu wa kambi asipolisema hilo waziwazi siku ya kwanza, litajisema lenyewe kwenye foleni ya chakula.

Kwa idara zisizo na mfadhili, suluhisho lisilo na sifa ni ghala. Makumbusho na vyuo vya Afrika Mashariki vimejaa mifuko ya vigae, mifupa na mavi ya chuma kutoka misimu iliyopita, mingi yake imeoshwa na kupewa namba halafu ikasahaulika. Uchimbaji huleta picha za gazetini. Uchambuzi huleta mafua ya vumbi. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye meza, mizani, kalipa na mfuko mmoja kutoka Kaole au Kunduchi anaweza kuuliza swali ambalo mchimbaji wa awali hakuliuliza, bila kuharibu hata kipande kimoja cha urithi wa taifa. Atagundua pia jinsi fomu mbovu ya mwaka fulani inavyomfunga mikono mtu wa miaka thelathini baadaye, na akija kuchimba mwenyewe atajaza fomu kwa adabu zaidi. Ningekuwa na mamlaka, ningeweka muhula wa ghala kabla ya muhula wa shimo.

Suala la usalama halipaswi kubaki kipengele cha mwisho cha fomu ya kambi. Mwaka 2014 Kathryn Clancy na wenzake walichapisha katika PLOS ONE uchunguzi uliowahoji watu 666 waliofanya kazi za uwandani katika fani mbalimbali, akiolojia ikiwamo. Asilimia 64 walisema wamewahi kukumbana na maneno ya udhalilishaji wa kijinsia kazini, na zaidi ya asilimia 20 walisema wameshambuliwa kingono. Waathirika wengi walikuwa wanawake, na wengi walikuwa bado wanafunzi au wanataaluma chipukizi. Takwimu zile zilitokana na waliojitokeza kujibu, basi zisisomwe kama sensa. Lakini yeyote aliyelala kambini mbali na mtandao wa simu anajua mazingira yalivyo: mkuu wa mradi ndiye mwenye gari, chakula, alama za mtihani na barua ya mapendekezo. Kumshirikisha mwanafunzi katika kupanga utafiti kunahusu pia mpango wa nani analala wapi, malalamiko yanapelekwa kwa nani asiye mkuu wa kambi, na binti akitaka kuondoka usiku ataondokaje. Haya yanapaswa kuandikwa kwenye pendekezo la mradi pamoja na gridi na chekeche, na wanafunzi wawe wameyasoma kabla ya kupanda gari.

Baada ya msimu hubaki swali la majina. Akiolojia ya Afrika Mashariki ina deni la zamani hapa. Kamoya Kimeu, Mkenya asiye na shahada, ndiye aliyeona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya binadamu wa kale anayejulikana kama kijana wa Nariokotome. Shahada ya heshima kutoka chuo cha Marekani ilimfikia mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Zana za mawe za Lomekwi, zenye miaka milioni 3.3, zilizotangazwa mwaka 2015, zilionekana kwanza na jicho la Sammy Lokorodi, Mturkana wa timu ile, na safari hii angalau jina lake lilisimuliwa tangu mwanzo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huangukia katikati: si vibarua wanaolipwa posho, si watafiti wanaotajwa kwenye makala. Hushukuriwa kwa jumla, "wanafunzi wa mwaka 2012", kama kundi la kwaya. Kama mtu alipendekeza sehemu ya sampuli, akaichimba na kuichambua, kazi hiyo ina mwenyewe, na kanuni ya nani anaingia kwenye orodha ya waandishi inapaswa kukubaliwa kabla ya udongo kuguswa, maana baada ya ugunduzi hakuna anayekubaliana na mwenzake.

Imebaki alama, na hapa walimu wenyewe ndio wenye funguo. Ripoti nyingi za uwandani husahihishwa kwa kilichopatikana: aliyetoa kigae cha China hujaza kurasa, aliyetoa mchanga hana la kuandika. Utaratibu huo humfundisha mwanafunzi kufukuzia vitu, na humpa sababu ya kusogeza shimo lake karibu na gofu. Kigezo kingeweza kuwa kingine. Kila mwanafunzi aandike kabla ya kuchimba anatarajia kukuta nini na kitu gani kingemwonyesha kwamba amekosea, karatasi hiyo ifungwe kwenye bahasha, na ripoti isahihishwe kwa kuilinganisha nayo. Aliyetabiri nyumba za udongo upande wa kaskazini, akachimba vishimo kumi na viwili na kutoka na mchanga mtupu, anaweza kuonyesha kwamba mji uliishia pale, au kwamba vishimo vyake viliachana mno, au kwamba mvua za karne kadhaa zimeufagia ushahidi hadi mikokoni, na aseme ni kipimo gani kingetenganisha majibu hayo matatu. Huyo apewe A.